Kaka aliyezaliwa kabla ya ndoa: naomba ufafanuzi

Muulizaji, Nachingwea: Shikamooni wakubwa. Nasoma sheria, na kwenye sheria ya ardhi ya zamani ya Uingereza nimekutana na "bastard eigné". Limenigusa. Kaka yangu alizaliwa kabla baba hajamwoa mama. Mimi na dada tukafuata ndani ya ndoa. Mikorosho yetu yeye ndiye aliyeipalilia na kuipulizia salfa tangu baba yu hai. Leo baba mdogo anasema hana lake. Neno hilo ndiyo hali yake?

Mzee wa Mtwara: Marahaba mwanangu. Ndiyo yenyewe: mkubwa wa nje ya ndoa, wazazi wakaoana baadaye, akazaliwa mdogo wa ndani. Mwaka 1236, kule Merton, Uingereza, maaskofu walitaka ndoa ile imhalalishe mkubwa. Mabwana wenye ardhi wakagoma kubadili sheria. Lakini mkubwa akiingia shambani baba akishafariki, akalishika bila kusumbuliwa hadi kufa kwake, likapita kwa mwanawe, basi mdogo hakuweza kulidai tena. Jasho lilihesabika kidogo, naona mimi. Ndoa ya baadaye ilianza kuhalalisha watoto huko mwaka 1927, kwa sheria iliyopitishwa 1926.

Mama wa Mikindani: Hayo ya Uingereza. Kwa mirathi ya Kiislamu, wa nje ya ndoa hurithi kwa mama yake. Baba aweza kumwusia, isizidi theluthi. Marehemu aliacha wasia?

Muulizaji: Aliacha, mama. Kaka ametajwa. Ijumaa nausoma mbele ya baba mdogo.