Acheni kutuandikia "presently" kwa meseji za fundi!!

Wadau nimekasirika vibaya sana leo.

Jumanne intaneti ilipotea kwa nyumba, na mimi kazi yangu naifanyia hapa hapa Roysambu, laini ikizima sina unga. Nikaripoti kwa kampuni ya intaneti. Saa nne asubuhi meseji ikaingia ya Kiingereza, ati fundi atakuwa kwako "presently". Sasa mimi Kiingereza nilichofunzwa shule hapa hapa Kenya, presently ni saa hii, basi nikashuka mbio kutoka ghorofa ya nne na malapa, nikasimama na soja kwa geti nikiangalia kila pikipiki imebeba waya. Saa nane bado niko hapo, githeri juu imeungua sufuria. Nikapiga kastoma kea, dada ananiambia presently si sasa, ni baadaye kidogo. Baadaye kidogo! Fundi alikuja ALHAMISI.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba kwa maana ya neno huyo dada hakudanganya, nimeangalia kamusi. Uingereza mtu akisema atakuja presently ni baada ya muda mfupi, Marekani na Scotland wanaitumia sana kwa maana ya sasa, na ndiyo hiyo wengi wetu tumeshika. Enzi za Shakespeare ilikuwa mara moja, bila kukawia, lakini watu waliahidi mara moja wakikawia mpaka neno likalegea. Hata "soon" ilianza kwa maana ya papo hapo, ikalegea vivyo hivyo. Si ni vile tumefanyia "sasa hivi" yetu, mtu bado ako Githurai anangoja matatu ijae anakwambia nafika sasa hivi.

Sasa neno la maana mbili zinazopigana mnamwandikia mtu anayewalipa kila mwezi ya nini?? Andikeni saa! "Fundi atafika kati ya saa saba na saa tisa", kwisha. Na kama hafiki leo semeni hafiki leo, ningeenda saiba nimalize kazi ya watu, ilikuwa ya Jumatano na mteja ameshapatia mtu mwingine.

Kama nawe umetumiwa meseji kama hiyo iweke hapa na tarehe, nazikusanya nipeleke zote kwa Mamlaka ya Mawasiliano.