Mtaji wa vitenge ndani ya USDT: ukipotea, nitamshika nani?

Muuza Vitenge, Arua

Habari za jioni ndugu zangu. Nauza vitenge kwa jumla hapa Arua, Uganda. Wateja wangu wengi wanatoka Ariwara na Bunia kule Kongo, wengine Yei, Sudan Kusini. Wakongo wananilipa dola taslimu, na noti ikichanika hata ukingoni tu, kesho hakuna wa kuipokea. Mzigo wangu unatoka Guangzhou. Kulipa kupitia benki kunachukua siku kadhaa, makato huku na makato kule. Sasa anayeniuzia amesema nilipe kwa USDT, ile pesa ya mtandaoni inayofuata thamani ya dola, mzigo utaondoka siku hiyo hiyo.

Mpwa wangu wa Kampala anayajua mambo haya. Yeye anataka nisiishie kulipia mzigo tu, mtaji wote niuhamishie humo, kwa sababu shilingi na benki ni vya serikali na serikali ina mkono mrefu. Siwezi kusema anaongopa. Februari 2016, siku ya kupiga kura, pesa za simu zilizimwa. Mteja alisimama dukani kwangu, pesa yake anaiona kwenye salio lakini haitoki. Na baba yangu mdogo alikuwa akiuza Juba, akiba yake aliiweka kwa paundi za kule. Desemba 2015 paundi ikaachiwa ielee, dola ikaruka kutoka chini ya paundi 3 hadi zaidi ya 18. Hajasimama tena kibiashara.

Lakini nasikia Benki Kuu yetu haitaki kripto, yaani hizi sarafu za mtandaoni. Sisi wafanyabiashara tuombe nini: serikali ikae mbali nayo, au iiwekee sheria? Na mtaji wangu je?

Kijana wa Ntinda

Mama, msikilize mpwa wako. Bitcoin, aina moja ya kripto, hazitazidi milioni 21, hakuna waziri wala gavana anayeweza kuchapisha nyingine kwa sababu uchaguzi umekaribia. Shilingi ina kikomo gani? Julai 2018 tuliamka tukakuta ushuru wa asilimia 1 kwenye pesa za simu, mpaka watu walipopiga kelele ndipo ukashuka hadi asilimia 0.5, kwa kutoa tu. Nani alituuliza? Mimi nafanya kazi za kompyuta kwa wateja wa nje, wananilipa kwa kripto, jioni hiyo hiyo kodi ya nyumba ninayo. Tukiwaita waweke sheria, kitu cha kwanza kitakachokuja ni ushuru mwingine. Waache kama walivyo.

Mzee wa Bombo

Mama wa vitenge, salamu kutoka Bombo. Nawe kijana, nimekusoma kwa makini, na sikujibu kwa dharau.

Mimi nilifanya kazi benki, dirisha la kupokea fedha, na Mei 1987 nilikuwa pale. Shilingi 100 za zamani ziligeuka shilingi 1 mpya, na juu ya hapo serikali ikakata asilimia 30. Watu walikuja na magunia. Nilimhesabia mama mmoja muuza samaki fedha zake, nikamwandikia kilichobaki, akaniuliza hizo nyingine amepewa nani. Sikuwa na neno la kumwambia. Kwa hiyo usidhani wazee hatujui kwamba serikali inaweza kumkata mtu pesa yake. Tuliikata kwa mikono yetu.

Lakini twende pamoja mpaka 1990. Kabla ya hapo dola ziliuzwa kibanda, yaani kwa magendo kichochoroni. Benki Kuu ilikuwa na bei yake, kibanda kina bei yake, na kila mwenye biashara ya nje alijua ipi ndiyo bei ya kweli. Ukipewa noti bandia huko kichochoroni ulinyamaza, maana ukienda polisi wewe ndiye mhalifu wa kwanza. Mwaka ule serikali ikahalalisha maduka ya kubadilisha fedha. Wale wale wa kichochoroni wakachukua leseni, wakabandika bei ukutani, wakaanza kutoa risiti. Shilingi haikufa. Miaka michache baadaye ilikuwa imetulia kuliko nilivyowahi kuiona tangu nianze kazi.

Hicho ndicho ninachokitaka kwa kripto, na nakitaka kwa moyo wote: itolewe kichochoroni.

Sisi tumefanya kinyume. Tarehe 29 Aprili 2022 Benki Kuu iliwaandikia wote wenye leseni chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2020, ikiwakataza kugeuza kripto kuwa pesa za simu wala pesa za simu kuwa kripto. Mwananchi mmoja akaenda Mahakama Kuu, na 2023 akashindwa. Je, biashara imekufa? Kijana wa Ntinda amekwambia mwenyewe analipwa nayo. Imerudi kibanda tu. Mpwa wako akinunua USDT, anamtumia mtu asiyemwona uso pesa za simu, wote wawili wakijifanya wananunua kitu kingine. Akidhulumiwa, ataanzia wapi kusema?

Na kutisha watu bila kuweka sheria hakukumlinda mtu. Oktoba 2019 Waziri wa Fedha, Matia Kasaija, alitangaza kwamba serikali haitambui kripto yoyote kuwa fedha halali na haijampa mtu leseni ya kuiuza. Tangazo lilikuwa la kweli. Desemba ya mwaka huo huo kampuni ya Dunamiscoins, iliyokusanya pesa za watu, ikafunga milango, watu wa Masaka na kwingineko wakalia. Ile ilikuwa na jina la sarafu na kazi ya upatu, lakini mwananchi angetofautisha vipi, ikiwa hakuna orodha ya wenye leseni na wasio nayo? Wote walikuwa hawana.

Kijana, unasema waache. Mimi nimeona benki ikianguka. Oktoba 2016 Benki Kuu iliichukua Crane Bank, Januari 2017 ikaikabidhi kwa DFCU. Namna ilivyouzwa ina maneno mengi, Bunge lenyewe lilihoji, na siitetei. Ila mteja wa kawaida alikwenda dirishani akakuta pesa yake. Leo kuna Mfuko wa Kulinda Amana unaomlipa mteja hadi shilingi milioni 10 benki ikifa. Sasa linganisha na Novemba 2022, FTX, soko la kripto la mtandaoni, lilipoanguka. Mteja wake aliyekuwa Kampala alibaki kupeleka madai kwenye mahakama ya Delaware, Marekani.

Tena hiyo ya kukimbia serikali, mama, tuitazame vizuri. Bitcoin kweli haina mwenyewe, ila Novemba 2021 ilipita dola 68,000, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa karibu 16,000. Mtaji wa vitenge hauwezi kusubiri irudi. USDT ni jambo jingine: thamani yake inafuata dola, yaani fedha ya serikali ya Marekani, na inatolewa na kampuni binafsi iitwayo Tether. Kampuni hiyo inaweza kuzifunga USDT zilizo kwenye anwani yako, yaani namba unayopokelea kripto, zisitembee. Februari 2021 ilikubali kulipa dola milioni 18.5 kumaliza shauri la Mwanasheria Mkuu wa New York, aliyesema ilidanganya umma kuhusu akiba yake. Ukihamishia mtaji humo hujatoka mikononi mwa wenye mamlaka. Umebadilisha tu unayemtegemea, na huyu wa sasa hana ofisi Arua.

Na intaneti ikizimwa kama Januari 2021 wakati wa uchaguzi, kripto nayo unaiangalia tu.

Wakala wa Forodha, Malaba

Mzee amesema kweli, naongeza la mpakani. Oktoba 2025 Kenya ilipata sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali. Benki Kuu yao na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ndizo zinazosimamia. Nigeria ilizikataza benki zake kugusa kripto Februari 2021, watu wakauziana wao kwa wao, na Desemba 2023 ikaondoa katazo na kuweka masharti. Sisi tukiendelea kukataza, wafanyabiashara wetu watafungua akaunti upande wa pili wa daraja, ushuru na leseni vitalipwa Nairobi.

Kijana wa Ntinda

Mzee, habari ya 1987 sikuijua, nashukuru. Lakini leseni ikiwa ya mamilioni, atakayeipata ni benki na kampuni za simu tu. Sisi wadogo tutabaki kibanda.

Mzee wa Bombo

Hapo umegusa penyewe, mwanangu, na ndipo pa kupigania. Leseni iwe ya ngazi, mdogo awe na yake kama duka la kubadilisha fedha lilivyo tofauti na benki. Pesa ya mteja isichanganywe na ya mwenye duka. Hilo moja lingetosha kuwaokoa watu wa FTX. Na ushuru ukatwe kwenye faida, usikatwe kila pesa inapotembea. Ule wa 2018 uliwaumiza watu kwa sababu ulimkata hata anayemtumia mama yake pesa ya dawa. Mama wa vitenge, chama chenu cha wafanyabiashara kiende kwa mbunge na maneno haya, msingoje kuitwa.

Muuza Vitenge, Arua

Ahsanteni sana. Mzee, nimuulize jambo dogo. Mpwa wangu amefungua akaunti ya kripto kwenye simu yake, na yale maneno ya siri 12 ya kuifungulia anayo yeye. Anasema mimi sitayakumbuka.

Mzee wa Bombo

Hilo si dogo hata kidogo. Mwenye maneno yale ndiye mwenye mali, iwe umempenda vipi. Simu yake ikiibwa Kampala na maneno hayajaandikwa popote, mtaji umekwenda na hakuna meneja wa kumpigia. Fungua kwenye simu yako wewe, maneno uyaandike kwa kalamu kwenye karatasi, uyaweke unapoweka hati ya kiwanja, yasipigwe picha. Akikusaidia kazi, muandikiane makubaliano mbele ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, kiasi na tarehe, kama mnavyoandikiana mnapouziana shamba. Mpwa mwema hatakasirika.

Kwa mzigo huu, ukiamua, nunua ya kulipia mzigo tu, mtaji ubaki ulipo. Anwani ya kutumia usiichukue kwenye ujumbe peke yake. Mpigie muuzaji kwa namba unayoijua siku zote, akusomee herufi za mwanzo na za mwisho, na akwambie anapokea kwa mtandao gani wa kripto, maana USDT hutumwa kwa mitandao tofauti, na ukituma kwa mtandao usio wake inaweza isirudi. Tuma kidogo kwanza. Akisema imefika, ndipo umalizie. Kisha tuandikie hapa makato yote, ya kununua na ya kutuma, tuyaweke kando ya yale ya benki. Chama chenu kitayahitaji kwa mbunge.