Mhadhara wa moja kwa moja au uliorekodiwa: upi huwaridhisha wanafunzi?

Msomaji wa Usiku
Ndugu zangu, idara yetu inaandaa kozi ya uzamili ya mtandaoni na kamati imegawanyika. Wapo wanaotaka mihadhara ya moja kwa moja kwa video ya Zoom kila jioni, na wapo wanaotaka mihadhara irekodiwe na kuwekwa kwenye Moodle, yaani jukwaa la masomo ya mtandaoni, pamoja na mazoezi. Waliosoma kwa njia hizi waliridhishwa na nini?

Binti Lindi
Nimesoma kwa njia zote mbili nikiwa kazini. Kipindi cha jioni kilikuwa kichangamfu, lakini video ya saa moja hula mamia ya megabaiti za bando, na umeme ukikatika somo la siku hiyo limekupita. Muhula uliofuata mhadhiri mmoja alituwekea sauti tupu na slaidi zake. Nilizisikiliza kwenye daladala, nikarudia palipokuwa pagumu, na somo hilo ndilo nililolielewa kuliko yote.

Msomi wa Eldoret
Naomba kutofautiana nawe, dada. Rekodi hurundikana. Mimi nilifika wiki ya mtihani nikiwa na mihadhara kumi na mmoja ambayo sikuwa nimeigusa, ilhali ratiba ya moja kwa moja, pamoja na usumbufu wake wote, ilinilazimisha kuketi na kusoma.

Mwalimu Mstaafu
Nyote mna hoja. Mwaka 1989 Michael Moore, msomi wa elimu ya masafa, alitofautisha mahusiano matatu katika elimu hiyo ya kusomea mbali na chuo: ya mwanafunzi na maudhui, ya mwanafunzi na mwalimu, na ya wanafunzi wao kwa wao. Rekodi hutosheleza la kwanza tu. Zoom nayo, ikiwa mhadhiri anasoma slaidi mbele ya watu themanini waliozima kamera, haina tofauti na rekodi, isipokuwa ni ghali zaidi.

Binti Lindi
Umenena, mwalimu. Kwa kweli kilichoniudhi zaidi hakikuwa video wala bando, bali kazi niliyoiwasilisha wiki ya tatu ikarudi baada ya mtihani, ikiwa na alama bila neno hata moja la maelezo.

Msomi wa Eldoret
Hilo nakubali bila ubishi. Ningeongeza kwamba dodoso la kuridhika hutolewa mwisho wa muhula, kwa hiyo hujibiwa na waliobaki. Aliyeacha masomo kwa sababu ya mtandao hahesabiwi popote.

Msomaji wa Usiku
Nawashukuru. Nitapendekeza sauti na slaidi zipakiwe kila wiki, kikao cha maswali cha dakika 40 kila baada ya wiki mbili (Zoom ya bure haivuki hapo), kazi zirudishwe na maelezo ndani ya siku 14, na dodoso lijazwe wiki ya nne. Hizo siku 14 ndizo zitakazoleta ugomvi kwenye kamati.