Mkubwa wangu ana shinai yenye kibanzi: naruhusiwa kumsimamisha?

Mgeni_wa_Dojo
Wakuu, salamu. Najifunza kendo, mchezo wa Kijapani wa kupigana kwa shinai, yaani upanga wa mwanzi. Juzi juzi nimeruhusiwa kuvaa bogu, yaani vazi zima la kinga, na tayari kuna jambo linaninyima raha. Dojoni kwetu, ukumbini tunapofanyia mazoezi, yuko kaka wa dan (daraja) ya tatu, mtu mwema, ananifundisha kwa moyo. Tukiwa katikati ya kirikaeshi, zoezi la mapigo mfululizo, nikaona ufito mmoja wa shinai yake umechanika, kibanzi kimesimama. Kabla sijaamua la kufanya, sensei (mwalimu) akaita tubadilishane. Sisi tunafundishwa kuinama, kumwomba mkubwa atufunze, kumsubiri avue men, yaani kinga ya kichwa na uso, ndipo nasi tuvue. Sasa mtu kama mimi anamwambiaje mkubwa "simama"? Je, nikingoja mazoezi yaishe nimwambie pembeni, haitoshi?

MamaShinai
Haitoshi, mdogo wangu. Simama papo hapo. Rudi nyuma mpaka ncha zisifikiane, inua mkono, sema "samahani, shinai yako imechanika." Hapo hujamkosea adabu mtu.

Shinai ni fito nne za mwanzi zilizoshikwa na vitu vichache tu: mfuko wa ngozi mpinini, kofia ya ngozi nchani, uzi uliovutwa upande wa mgongo, na ile kamba ya ngozi iliyofungwa karibu robo ya urefu kutoka nchani. Ukipiga men, fito hupinda, huachana kidogo, kisha hurudiana. Zikiachana, kibanzi hutokeza nje, na vyuma vya mbele ya men vina nafasi kati yake. Kibanzi hakihitaji nafasi kubwa kufika jichoni. Uzi nao ukilegea, kofia ya nchani huchomoka, na hapo kinachoweza kupenya vyumani ni ncha ya ufito wenyewe.

Mimi kabla ya mazoezi nachukua kitambaa chepesi, nakitelezesha taratibu juu ya kila ufito, kwenda na kurudi. Kikinasa popote, pana kibanzi, hata kama jicho halikioni. Halafu naminya fito zifunguke nione kingo za ndani, maana huko ndiko nyingi huanzia kuchanika. Kamba ya ngozi naisukuma kwa kidole gumba; ikizunguka, imelegea. Kibanzi kidogo nakikwangua kwa kisu, nasugua kwa msasa, napaka mafuta. Ufito uliopasuka kwa urefu hauna dawa, unatolewa. Tafadhalini msiuzungushie selotepu: inauficha ufa tu, na mwenzako anasimama mbele yako akiamini uko salama. Wenye shinai za kaboni pia mkague. Gamba la juu likibanduka nyuzi nyeusi zikaonekana, hiyo imekwisha.

Bokuto_Mzee
Dada, mengi nakubali. Ila wageni wakizoea kusimamisha wakubwa ovyo, darasa litakuwa soko. Kendo huanza na rei, yaani kuinamiana kwa heshima, na huisha na rei. Amwambie kiongozi wa zamu, naye ndiye amfuate huyo mkubwa.

MamaShinai
Kaka, kwa heshima zote, hapo tunapishana. Mpaka kiongozi apatikane, mapigo mangapi yatakuwa yameshashuka? Hata mashindanoni, mchezaji aliyepatwa na ajali akashindwa kuendelea anaruhusiwa kumwomba mwamuzi asimamishe pambano.

Na hiyo rei yenyewe, mbona tunainamiana wote wawili? Mkubwa naye anainama. Ninavyoielewa mimi, kila mmoja amekubali kuutunza mwili wa mwenzake. Heshima si utumwa. Tena mzigo mzito zaidi uko kwa mkubwa: yeye anayepokea mapigo ndiye anayeondoa ncha yake kando ili mgeni apite. Akiiacha mbele huku mgeni anakuja kasi na kidevu kimeinuka, ncha huingia chini ya kinga ya koo. Kwa sababu hiyohiyo tsuki, pigo la kooni, hawafundishwi watoto.

Wageni huona adabu hizi kama mapambo. Chukua katazo la kuruka shinai iliyolazwa chini. Kweli, tunaiheshimu kama upanga. Lakini pia ukiikanyaga unaweza kupasua ufito, mwenyewe aiokote asijue. Kuiegemea kama mkongojo kunaichakaza kofia ya nchani. Na mashindanoni ukishangilia pointi yako, waamuzi wanaweza kuifuta, kwa kuwa baada ya kupiga unatakiwa ubaki macho kwa aliye mbele yako. Mtu anayerukaruka kwa furaha hamwoni mwenzake.

Hakama_Ndefu
Sisi tulimaliza ubishi huu kirahisi. Kabla ya kupanga mstari, kila mtu anampa jirani shinai yake aikague, dan ya tano kwa anayeanza, bila kujali. Hakuna anayeona haya kwa sababu wote wanakaguliwa. Tunatazama pia kucha, na kamba za men zisizidi sentimita 40 kutoka kwenye fundo. Sakafu inapigwa deki kwanza, tunacheza peku.

Bokuto_Mzee
Hiyo ya kubadilishana nimeipenda. Nitampelekea sensei wetu.

Mgeni_wa_Dojo
Asanteni sana. Nimemwandikia kaka, amesema ataleta shinai ya akiba aliyoiweka kabatini muda mrefu. Hiyo haina shida?

MamaShinai
Hiyo ndiyo ikaguliwe zaidi. Mwanzi uliokaa ukakauka huchanika upesi. Mwambie aifungue yote, apake mafuta kila ufito ndani na nje, aache yanywe vizuri ndipo aifunge tena. Uzi wa zamani asiurudishe, aweke mpya.