Tamthilia za Japani: picha ni mbovu, au ndivyo watazamaji wanavyotaka?

Wadau, nchi iliyotupa Sony, Canon na Panasonic, kwa nini tamthilia zake nyingi za runinga zinaonekana kama taarifa ya habari? Uso wa mhusika umemwagiwa mwanga mweupe, kivuli hakuna, na akikimbia ni kama unatazama mechi mubashara.

Wengi hulaumu bajeti. Mimi nalaumu mazoea. Sinema hupigwa picha 24 kwa sekunde. Runinga ya Japani kwa miaka mingi ilirekodi nusu-picha (kila moja ina nusu ya mistari ya picha) takriban 60 kwa sekunde, ndiyo maana mwendo unateleza mno na maleba yanajionyesha kuwa ni maleba. NHK, shirika la utangazaji la umma, walijaribu kujitoa huko. Mwaka 2010, katika Ryōmaden, tamthilia yao ya kihistoria ya Jumapili, walileta mwonekano wa kisinema, vumbi na jasho vikaonekana. Mwaka 2012, kwenye Taira no Kiyomori, tamthilia ya karne ya 12, wakapeperusha wanga wa mahindi mbele ya kamera ili hewa iwe nzito. Kipindi cha kwanza tu, gavana wa Hyogo, Toshizo Ido, akalalamika hadharani kwamba picha ni chafu. Mkoa wake ulitarajia watalii kupitia tamthilia hiyo, hivyo hasira zake nazielewa. Lakini karne ya 12 watu walitembea kwenye lami?

— Mkuu, gavana aliwasemea wengi. NHK inaendeshwa kwa ada ya wenye runinga. Mzee aliyelipa ana haki ya kuiona sura ya mwigizaji bila ukungu. Halafu Hanzawa Naoki, tamthilia ya kituo cha biashara cha TBS, 2013, ni ofisi za benki na nyuso za karibu tu, na kipindi cha mwisho kilivuka asilimia 40 ya utazamaji eneo la Kanto, yaani Tokyo na jirani zake. Watu walifuata hadithi, siyo kamera.

— Hanzawa sina ubishi nayo. Ila mwongozaji wake, Katsuo Fukuzawa, mwaka 2023 aliipeleka tamthilia ya VIVANT hadi Mongolia, kwa TBS hiyohiyo, na hakuna aliyezima runinga. Kinachoniudhi ni ratiba. Vituo vya biashara hubadilisha tamthilia kila miezi mitatu, vipindi kama kumi hivi, na mara nyingi vya mwisho bado vinapigwa wakati vya mwanzo viko hewani. Nani atapata muda wa kuhamisha taa kwa kila pembe? Unawasha zote, unarekodi, mnahamia onyesho linalofuata. Anayesema ule weupe ni chaguo la kisanii, aitaje tamthilia yenyewe tuijadili.