Mdogo wangu kashikwa na simu ya wizi, mjomba asema akubali tu kosa aje nyumbani. Nifanyeje?

Mwana_wa_Majengo, Jumamosi saa tatu usiku

Asalaam aleikum jamaa. Mdogo wangu ni fundi simu, ana kibanda Mwembe Tayari hapa Mombasa, huu mwaka wa tatu. Jana Ijumaa kama saa kumi jioni walikuja askari watatu wasiovaa sare, wakaulizia Samsung moja iliyokuwa kwenye droo. Wakabonyeza *#06#, ile namba ya IMEI, inayotambulisha kila simu, ikatokea, wakailinganisha na karatasi waliyokuja nayo. Basi, pingu.

Kumbe simu ilinyang'anywa mtu Kisauni Jumanne usiku, tena akakatwa panga mkononi. Mdogo wangu aliinunua Jumatano asubuhi kwa kijana mmoja aliyepita na kifurushi chake. Alimpa 4,500 kwa M-Pesa.

Leo tumempelekea mahamri na mbaazi. Askari wa kaunta aliyapasua mahamri yote katikati, moja moja, akiangalia kama tumeficha kitu. Mama kasimama tu, anatazama. Mdogo wangu akaletwa kwenye vyuma miguu mitupu, suruali kaishika kwa mkono kwa vile ukanda wamemvua.

Sasa nina mambo matatu yananiumiza kichwa. Masaa 24 yamekwisha na hajapelekwa kortini. Mpelelezi kanivuta kando, anataka elfu ishirini "faili lilale". Na mjomba anasema tusihangaike, Jumatatu akisomewa mashtaka akubali, apigwe faini, tulipe, yaishe, kwani akikana kesi itamaliza miaka. Mama naye anaelekea kumsikiliza mjomba. Nisaidieni.

Nahodha_Kombo

Masaa 24 yamepita, hapo wamevunja Katiba! Hiyo kesi imekufa. Lakini kama una hiyo ishirini, toa ndugu yangu. Mombasa hii twaijua.

Karani_wa_Zamani

Nahodha, taratibu. Nimekaa kwenye meza ya korti miaka mingi, na hili la masaa 24 huwapotosha watu kila wikendi. Kifungu cha 49 cha Katiba chasema mtu afikishwe kortini haraka iwezekanavyo, isipite masaa 24. Lakini masaa hayo yakiisha siku ambayo korti haikai, basi ni hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Kashikwa Ijumaa saa kumi, masaa yameisha Jumamosi saa kumi, kwa hiyo wana hadi Jumatatu jioni. Ndiyo maana watu wengi hushikwa Ijumaa, wewe jiulize mwenyewe. Ikifika Jumanne bado yuko seli bila amri ya hakimu, hapo piga kelele.

Hiyo elfu ishirini, usitoe. Sikwambii kwa sababu ya uchamungu. Kwanza, kutoa hongo nako ni kosa chini ya Sheria ya Hongo ya 2016, utakuwa na kesi yako mwenyewe. Pili, mpelelezi hana uwezo wa kulaza faili lenye mlalamishi aliyekatwa mkono. Polisi hushika na kuchunguza. Anayeamua mtu ashtakiwe kwa kosa gani ni ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na anayeamua kama ana hatia ni hakimu. Huyo anakuuzia kitu kisicho chake, kama madalali wa viwanja. Utatoa, na Jumatatu nduguyo atapanda gari kwenda kortini vilevile.

Kesho nenda kituoni na uulize mambo mawili: namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na kosa lililoandikwa. Ikiwa ni kupatikana na mali ya wizi, mkubwa wa kituo anaweza kumwachilia kwa dhamana ya polisi, na fomu hiyo hailipiwi. Mkiweka pesa taslimu, mpewe risiti. Ikiwa wameandika wizi wa mabavu, usipoteze muda, hapo kituoni hamtapewa, ombeni kwa hakimu.

Mwana_wa_Majengo

Wizi wa mabavu?! Yeye amenunua tu. Jumanne usiku alikuwa nyumbani na sisi.

Msomi_wa_Tudor

Kaka, pole. Nasoma kriminolojia, mwaka wa kwanza, kwa hiyo wazee mnirekebishe. Tulianza na hili: kosa la jinai lina miguu miwili, tendo na nia. Kupatikana na simu ni tendo. Lakini ili awe na hatia ya kupokea mali ya wizi, lazima ithibitishwe kwamba alijua, au alikuwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi. Mzigo wa kuthibitisha uko kwa upande wa mashtaka.

Kuna pia nadharia ya Howard Becker ya 1963, kwamba jamii ikishambandika mtu jina la mhalifu, lile jina lenyewe humsukuma. Vijana wa Kisauni na Majengo...

Nahodha_Kombo

Msomi, Becker mwache Marekani, huyu ndugu yake yuko seli.

Karani_wa_Zamani

Mwacheni kijana, la nia kalisema sawasawa. Ila kuna upande wa pili, na Mwana_wa_Majengo usinichukie. Samsung nzima kwa 4,500? Kiongozi wa mashtaka ataanzia hapo hapo. Atamuuliza: wewe fundi wa miaka mitatu, bei ya simu hii huijui? Ulimuomba risiti? Kitambulisho? Hiyo bei ndiyo "sababu ya kuamini".

Kuhusu wizi wa mabavu, iko kanuni ambayo mahakama zetu huitumia sana. Mtu akipatikana na mali iliyoibwa siku chache tu zilizopita, na asiwe na maelezo ya kuridhisha jinsi alivyoipata, korti yaweza kuchukulia kwamba yeye ndiye mwizi. Mali iwe imepatikana kwake kweli, iwe ya mlalamishi bila shaka, iwe iliibwa kutoka kwa huyo mlalamishi, na iwe ni karibuni. Simu huhama mikono upesi, kwa hiyo siku tatu ni karibuni sana. Mara nyingi hati ya mashtaka huja na wizi wa mabavu mbele na kupokea mali ya wizi kama shtaka mbadala.

Sasa kinachomwokoa ni yale maelezo. Ana haki ya kunyamaza na hawezi kulazimishwa kukiri, kwa hiyo asisaini karatasi asiyoielewa. Lakini ule ujumbe wa M-Pesa una jina la aliyepokea pesa, saa na tarehe. Huo ni dhahabu. Je, ana daftari la kibanda?

Mwana_wa_Majengo

Analo! La kijani, jalada limeng'oka. Nimelifungua sasa hivi. Jumatano: "Samsung, skrini ina ufa pembeni, 4,500, dogo wa Bamburi", na namba ya simu. Kitambulisho hakuandika.

Karani_wa_Zamani

Alhamdulillahi. Toeni kopi ya kurasa za wiki nzima, si huo mmoja tu, ili ionekane ndiyo kawaida yake kuandika. Polisi wakilitaka daftari, liandikwe kwenye orodha ya vitu vilivyochukuliwa, isainiwe.

Mama_Zahra_Likoni

Mwanangu, mie sijui sheria, najua yaliyonipata. Kijana wangu alishauriwa hivyo hivyo na mtu mzima mwenzangu: kubali, faini ndogo, uende nyumbani. Alikubali. Hakupigwa faini, alipigwa miezi minane jela ya Shimo la Tewa. Katoka, kapata kibarua kizuri, wakamuomba cheti cha tabia njema. Alama za vidole zikatoa ile kesi. Kazi ikaenda hivyo, hadi leo aendesha tuktuk ya mtu. Mwambie mamako anisikilize mimi, asimsikilize huyo mjomba.

Karani_wa_Zamani

Bi Zahra kamaliza. Naongeza tu: kupokea mali ya wizi sheria inaruhusu hadi miaka 14. Mjomba anazungumzia faini kama kwamba hakimu ni shemeji yake. Na ukikubali kosa mbele ya hakimu, huwezi tena kukata rufaa dhidi ya hatia, unabaki kulalamikia adhabu tu.

Kukana si kusema uongo. Ni kuwaambia: thibitisheni. Na akikana haina maana atakaa ndani hadi kesi iishe, kwani dhamana ni haki yake isipokuwa kuwe na sababu nzito. Jumatatu nendeni na mtu mwenye makao yanayojulikana, na hakimu ajue kibanda kiko wapi na mama anaishi wapi. Polisi wakiomba kumshikilia siku zaidi, hayo ndiyo majibu. Wakili mkikosa, gongeni mlango wa Kituo cha Sheria au MUHURI, mashirika ya kutetea haki.

Mwana_wa_Majengo, Jumatatu saa kumi na moja jioni

Jamaa, Mwenyezi Mungu awalipe. Hati ilikuja na shtaka moja, kupokea mali ya wizi. Kasomewa, kakana. Kiongozi wa mashtaka hakupinga dhamana. Bondi ya laki mbili na mdhamini mmoja, au taslimu elfu hamsini. Kesi itatajwa baada ya wiki mbili, na tumeambiwa tuombe maandishi ya mashahidi wao kabla ya kusikizwa.

Hamsini kaitoa nani? Mjomba. Kaja na kanzu yake, kasimama foleni ya benki mwenyewe, hataki hata kusemeshwa.

Karani_wa_Zamani

Risiti imeandikwa jina la nani? Pesa hurudishwa kwa mwenye jina hilo kesi ikiisha, mradi kijana asikose siku hata moja.

Mwana_wa_Majengo

La mjomba. Kaitia mfukoni, nimemuomba niipige picha kakataa.