Naombeni ushauri: wali wa cook-up wa Kiguyana, wakwe wanakuja tarehe 31

BintiMtoni: Wakuu habari za jioni. Nipo London, mume wangu kwao Georgetown, Guyana, kule Amerika Kusini. Kwao usiku wa kuamkia mwaka mpya lazima ule cook-up: mchele, kunde, nyama ya chumvi, tui la nazi na mboga za majani, vyote sufuria moja. Nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza bokoboko, ya pili chumvi haisemeki. Wageni kumi na wawili. Nifanyeje?

MpishiWaShughuli: Chemsha kunde kwa tui jepesi, ziive zisipasuke. Ndipo mchele, tui zito mwisho. Maji yakishakauka ndipo utie mboga, funika, moto mdogo dakika tano. Ukiziwahisha zinageuka rangi ya tope.

MzeeWaTanga: Marehemu bibi alipika wali wa kunde akapalia makaa juu ya kifuniko. Wajukuu tulipigania ukoko. Siku hizi majiko ya umeme, mnapata wapi ukoko ule?

SistaDuu: Nyama ya chumvi iloweke usiku kucha, chemsha, mwaga maji, rudia. Ila nyama gani? Mbona hutaji?

BintiMtoni: Ya kawaida tu.

SistaDuu: Kawaida ipi?

BintiMtoni: Haya. Ng'ombe, na mikia ya nguruwe. Mama mkwe kaileta mwenyewe kwa basi, ana miaka sabini, nimeshailoweka. Mume wangu kasilimu, mama yake bado. Na baba yangu anafika kutoka Unguja tarehe 30. Nilipanga kumpakulia upande usio na nyama. Sitaki kumvunja moyo yule mama.

AbuuSalim: Upande upi, dada? Tui limezunguka sufuria nzima. Mzazi halishwi asichokijua.

KakaMkavu: Hii chai. Baba wa Unguja, nguruwe na mkwe wa Guyana, wote siku moja? Juzi si ulikuwa Mwanza unauliza bei ya jiko la gesi?

BintiMtoni: La Mwanza nilimuulizia mdogo wangu. Bakuli liko mbele yangu hapa: mikia minne, maji yamekuwa ya waridi, mafuta yameganda juu kama nta. Nidanganye ili nipate nini?

MamaToronto: Mwacheni. Jirani zangu ni Waguyana Waislamu, mababu zao waliletwa kutoka India, safari zilizoanza 1838. Wanapika cook-up kwa kuku na ng'ombe wa chumvi, halali, na ni cook-up kamili. Mkwe wako anawajua watu hao. Mwambie ukweli, pikeni sufuria mbili, kila moja na mwiko wake.

AbuuSalim: Na ile ya baba iwe mpya.

BintiMtoni: Nimempigia. Kanyamaza kidogo, halafu akauliza baba anapenda pilipili kiasi gani. Kesho anakuja na kuku. Sasa sufuria kubwa isiyoguswa nguruwe sina. Nani yupo London mashariki aniazime?

SistaDuu: Nipo Ilford. Njoo faragha.